Mizinga 14 na njia ya kisimani

Jumamosi moja ya Novemba, saa nne asubuhi, mbuzi wawili walikufa kwa kudungwa na nyuki wakiwa wamefungwa kamba chini ya mkorosho. Kijana aliyekuwa akifyeka nyasi kando yao alikimbizwa zahanati kwa bodaboda, uso umevimba hata macho hayaonekani. Mtoto mmoja aliyekuwa akirudi kutoka madrasa alidungwa mara tatu shingoni. Ilipofika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na kesi, na kesi ilikuwa tayari na jina: kesi ya nyuki.

Mimi niliombwa kukaa kwenye vikao kuandika kumbukumbu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu sina shamba upande ule. Nilikaa vikao vyote vinne na ziara moja ya shambani. Majina ya watu na ya mtaa nimeyaacha, maana bado tunaamkiana. Nitakachosema ni hiki: haikuwa kesi ya nyuki, na tulichelewa kuligundua hilo kwa sababu nyuki ndio waliokuwa na kelele.

Mahali penyewe

Ni pembezoni mwa Ilala, upande wa Msongola, kule ambako lami inaisha na Dar es Salaam inageuka shamba. Mihogo, mikorosho, minazi iliyozeeka, na katikati yake nyumba za tofali ambazo hazijapigwa lipu za watu waliohamia juzi. Chini kuna kijito kinachokwenda kumwaga maji yake Mto Mzinga. Usiku komba hulia kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake, na mgeni wa kwanza kuwasikia huamka kutafuta tochi. Asubuhi kima hushuka kwenye miembe kukagua nani kaacha jiko wazi.

Ukimwambia mtu wa Posta, katikati ya mji, kwamba hapa ni Jiji, atacheka. Lakini ndivyo ilivyo: mwaka 2021 Manispaa ya Ilala ilipandishwa ikawa ndiyo Jiji la Dar es Salaam, mihogo yetu ikiwemo. Jambo hili lina uzito katika kisa. Kwa kuwa hapa ni mtaa na si kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji haituhusu. Hatuna mkutano mkuu wa kijiji wa kuamua mambo ya ardhi, wala mpango wa matumizi ya ardhi wa kusema hapa ni malisho, hapa mizinga, hapa watu wapite. Tunaishi kishamba chini ya sheria ya mjini, na palipo na pengo kati ya viwili hivyo ndipo majirani wanapogombana.

Mashamba mawili ya kisa hiki yametenganishwa na njia ya miguu inayotoka barabara ya mtaa hadi kisimani, karibu na kijito. Niliipima kwa hatua zangu, ikawa hatua 180. Mabomba ya maji yamefika baadhi ya nyumba, lakini maji yenyewe huja kwa zamu, na yakikatika siku nne watu hurudi kisimani na ndoo kama zamani.

Upande wa kusini mwa njia yuko mama mwenye duka la vitenge Kariakoo. Heka zake tatu alizinunua mwaka 2019 kwa warithi wa mzee aliyefariki. Huja Ijumaa jioni, anavua viatu vya dukani, anavaa ndala, kisha anawalisha mbuzi majani ya mpera kwa mkono, mmoja mmoja, akiwaita kwa majina. Wale wawili waliokufa walikuwa na majina. Kwenye kumbukumbu sikuliandika hilo, na nilikosea, kwa sababu bila kulijua huwezi kuelewa kwa nini alikataa mbuzi wa kulipwa.

Upande wa kaskazini yuko mzee mstaafu wa reli, Mnyamwezi wa Tabora, aliyenunua mwaka 1996 wakati watu wa mjini walikuwa hawajaanza kuulizia huku. Ukimkuta saa kumi na moja jioni amekaa kwenye kigoda chake, anatazama mlango wa mzinga kama wengine wanavyotazama mpira. Anajua nani kaingia na chavua miguuni na nani karudi mtupu. Asali anauza chupa chache, nyingine anagawa. Akikuonjesha atakuambia hii ni ya mkorosho, hii ina mwembe ndani yake, na atakusubiri ukubali.

Hakuna hata mmoja kati yao anayeishi kwa kutegemea shamba. Mmoja ana pensheni, mwingine ana duka. Nasema hivi kwa sababu vikao viwili vya kwanza tulizungumza kana kwamba tuna mfugaji na mkulima, ule ugomvi tunaousikia kila mwaka kwenye taarifa ya habari. Hatukuwa nao. Tulikuwa na watu wawili wenye kitu wanachokipenda, na mtu unaweza kumtoa kwenye riziki yake kwa fidia, lakini kumtoa kwenye kitu anachokipenda ni shughuli pevu.

Siku ya tukio

Kijana kibarua alikuja na mashine ya kufyekea ya petroli. Mama alitaka pasafishwe kandokando ya njia kwa sababu mafundi wangekuja Jumatatu kuchimba msingi wa ukuta. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa hapo jirani, kwa ajili ya kivuli. Mashine iliponguruma, mizinga miwili ya karibu ikafumuka.

Mwenye kufuga nyuki hatashangaa. Nyuki wetu hawapendi mtikisiko wala ngurumo, na harufu kali huwaudhi zaidi. Akidunga mmoja huacha mwiba pamoja na kifuko cha sumu, na pale penye mwiba hubaki harufu inayowaita wenzake. Wafugaji husema inafanana na ndizi mbivu. Kwa hiyo anayedungwa mara moja na akasimama atadungwa mara hamsini, na dawa pekee ni mbio. Kijana alikimbia. Mbuzi hawakuweza, walikuwa na kamba shingoni.

Jioni ile mama alitangaza mambo mawili: mizinga yote iondoke, na ukuta utajengwa hadi kijitoni, njia ikiwa ndani. Alisema njia yenyewe imekuwa njia ya nyuki, watu hawaihitaji. Sentensi hiyo ilitupita masikioni. Tulidhani ni hasira.

Utani ulivyotuponza

Kikao cha kwanza kilikuwa kwa mjumbe, chini ya mwembe, watu wa bao wakiwa wamehamisha ubao wao hatua kumi ili wasikie vizuri. Mjumbe wetu ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu mabegani. Basi mjumbe akaanza kama mtani anavyoanza.

"Wewe Mnyamwezi, ulikuja kubeba mzigo. Nani alikuambia uweke mzigo chini ubaki?"

Mzee naye hakukawia. "Nilibaki niwaonjeshe asali. Niliwakuta mnakunywa chai ya chumvi."

Watu wakaangua kicheko. Mimi pia. Kwa mila yetu hapo ndipo ugomvi huanza kulainika, kwa sababu mtani ana ruhusa ya kukuambia uso kwa uso kile ambacho ndugu yako angekificha. Lakini utani ni kamba ya watu wawili. Mama hakuwa mtani wa yeyote pale. Alichokiona yeye ni mwamuzi na mshtakiwa wake wakichekeana, na mbuzi wake hawajamaliza hata siku mbili ardhini. Akasimama, akamwamkia mzee kwa heshima zote, "Shikamoo baba," akaondoka bila kusubiri marahaba. Kutoka hapo hadi kikao cha tatu hakumwamini mjumbe, na hata mwenyekiti wa mtaa alipojaribu kusuluhisha, alijibiwa kwa mkato. Tulipoteza wiki tatu kwa ajili ya kicheko kimoja. Sisemi utani ufe. Nasema mwenye kusuluhisha watu watatu aangalie kwanza nani yuko nje ya kamba.

Baraza la kata

Wengi bado wanadhani baraza la kata linaweza kukuhukumia shamba. Zamani liliweza. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, katika mambo ya ardhi kazi yake ni kupatanisha tu. Lina siku 30. Mkipatana, mnaandikiana. Msipopatana linatoa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, ndipo mtu aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hata siku 30 zikipita bila suluhu anaweza kwenda bila cheti hicho. Mama alikuja akitaka hukumu. Alipoambiwa hakuna hukumu hapa, alikata tamaa waziwazi, akasema basi andikeni cheti nikatafute wakili.

Lililomzuia ni karatasi aliyokuja nayo mwenyewe. Ilikuwa hati yake ya mauziano, imepigwa plastiki, safi kabisa. Alitaka kuonyesha kwamba heka zake ni tatu kamili na kwamba zinafika kijitoni. Hati zetu hizi za mauziano zina mtindo wake: mashariki imepakana na fulani, magharibi na fulani, mnazi uliopinda, kichuguu, na kadhalika. Mjumbe mmoja wa baraza akaisoma kwa sauti. Alipofika kaskazini akasoma: "Imepakana na njia iendayo kisimani." Akairudia mara mbili.

Mpaka ukiwa njia, njia si yako. Hilo halihitaji wakili. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 nayo inatambua haki ya kupita katika ardhi ya mwingine, lakini hatukufika huko. Mama alinyamaza, akakunja hati yake. Mzee wa nyuki akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililoniudhi mimi kuliko yote, kwa sababu zamu yake ilikuwa inafuata na hakuijua.

Hoja yake tangu mwanzo ilikuwa moja: nyuki walikuwepo kabla ya mama. "Mwanangu, ulinunua ukiwaona. Ulinunua na nyuki wake." Ni hoja yenye nguvu. Anayehamia jirani na mashine ya kusaga akishtakia kelele siku ya pili, watu watamshangaa. Ila mama alikuwa na simu, na kwenye simu alikuwa na picha alizopiga siku ya kukabidhiwa shamba, yeye na warithi wamesimama njiani wakicheka. Nyuma yao unaona mkorosho na mizinga. Mitatu. Siku ya kesi ilikuwa 14.

Ziara ya alfajiri

Baraza likaamua kwenda kuona. Tulikwenda saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawapasha nyuki. Umande ulikuwa mzito, kima wawili walikuwa juu ya mwembe wakitutukana kwa lugha yao. Kwenye waya wa umeme walikaa keremkerem watano wamejipanga, kijani kibichi, wakisubiri kifungua kinywa. Mzee aliwaonyesha kwa kidole kwa chuki ya kweli. Keremkerem humdaka nyuki angani, akatua naye tawini, akampigiza hadi mwiba utoke, ndipo akammeza. Mzee alikiri kwamba mwaka uliopita aliziba kwa udongo matundu yao kwenye ukingo wa kijito. Mwaka huu walichimba mengine hatua tano mbele. Aliposimulia hivyo nilimwona kwa mara ya kwanza kama mtu anayehesabu nyuki mmoja mmoja, na kama mtu anayeziba.

Tulipima kwa futi ya fundi. Kutoka alipofungwa mbuzi hadi mzinga wa karibu: mita 11. Kutoka mzinga huo hadi katikati ya njia: mita moja na nusu. Mizinga tisa kati ya 14 ilikuwa imetundikwa mstari mmoja kandokando ya njia, na milango yote ilitazama njiani. Upana wa njia penye mizinga, nyasi zikiwa zimeingia pande zote, ulikuwa sentimita 60. Kwingine ulikuwa zaidi ya mita mbili.

Kwa sheria mabaraza haya yana wajumbe kati ya wanne na wanane, na watatu wawe wanawake. Watatu wetu walikuwa wamenyamaza muda wote huo. Mmoja wao, mama mtu mzima, hakutazama futi. Alikuwa anatazama chini. Akauliza: "Mbona njia ya kisimani haina alama ya miguu?"

Alikuwa sahihi. Nyasi za katikati zilikuwa zimesimama. Akamwita dada aliyekuwa akipita barabarani na ndoo, akamuuliza lini amepita hapa mara ya mwisho.

"Hapa? Mwaka juzi, mama."

Wanapita wapi siku hizi? Wanazunguka nyuma ya shule, njia ndefu mara mbili na zaidi, ndoo kichwani. Kwa nini hawakusema?

"Tungesema nini? Kafunga njia? Hajafunga. Nyuki si ukuta."

Sijui kama waliokuwepo walilisikia neno hilo kama nilivyolisikia mimi. Wiki tano tulikuwa tunabishana kama mama aruhusiwe kufunga njia, na njia ilikuwa imeshafungwa na mtu mwingine. Huyu alitaka kuifunga kwa tofali katika siku tatu, akapigiwa kelele. Yule alikuwa ameifunga kwa mabawa katika miaka minne, mzinga baada ya mzinga, na sisi tulikuwa tunakwenda kwake kununua asali. Na mama alituambia siku ile ile ya kwanza: imekuwa njia ya nyuki.

Baraza likamuuliza mzee kwa nini alipanga mizinga pale, na shamba lake ni heka mbili na nusu. Hakudanganya, na kwa hilo nampa heshima yake. Alisema korosho zake zilikuwa zinaibwa. Wezi walikuwa wanapitia njia hiyo usiku, na watoto mchana. Alipotundika mzinga wa nne njiani, wizi ukapungua. Wa saba, ukaisha. "Askari wangu hawalali na hawadai mshahara," alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Hapo ndipo napenda kumtetea kidogo kabla sijamlaumu. Alikotoka, mzinga hutundikwa porini, na mwenyewe hupanda baiskeli nusu siku kwenda kuurina. Kule ukiona mzinga wa mtu unapita mbali, na hakuna anayeona vibaya kwa sababu pori ni pana. Alihamia na desturi hiyo ikiwa nzima, akaiweka mahali ambapo pori lote ni ukanda mwembamba kati ya kisima na barabara. Desturi haikuwa mbaya. Nafasi ndiyo haikuwepo. Lakini mzinga wa saba haukuwa desturi tena, ulikuwa kufuli.

Mita 60

Afisa mazingira wa kata, aliyekuja na ziara hiyo, alimaliza mabishano ya kijitoni kwa maneno machache. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vingine vya maji. Ukuta wa tofali ni wa kudumu. Kwa hiyo mchoro wa mama wa kufika kijitoni ulikufa hapo, na mpango wa mzee wa kujenga banda la kuhifadhia mizinga karibu na kisima, ambao hatukuwa tunaujua hadi alipojisahau akautaja, nao ukafa.

Kuhusu mizinga yenyewe tulijadiliana kirefu. Mzinga unatundikwa na kuondolewa, si jengo. Na kama kuna mtu anayefaa kukaa kandokando ya maji bila kukata mti, ni mfuga nyuki. Nadhani tulifanya vizuri kutolichukulia suala la nyuki kama takataka za kuondolewa. Mikorosho ya mtaa mzima inawategemea, ya mama ikiwemo, na nyuki hutoka kilomita tatu na zaidi kutafuta maua. Ukimfukuza huyu, watakuja wengine kwenye dari la mtu.

Walichokubaliana

Kilichoandikwa, kwa mkono wangu, ni hiki. Njia irudi mita tatu kutoka barabarani hadi kisimani, na pande zote mbili ipandwe minyaa, kila mmoja upande wake. Mizinga minane ibaki kwa mzee, lakini ihamie upande wake wa mbali, milango itazame shambani kwake, na mbele yake pawe na ua mrefu kuliko mtu. Sababu ya ua ni kwamba nyuki akikutana na kizuizi hupanda juu kwanza ndipo aende zake, akapita juu ya vichwa vya watu. Mizinga sita iende kwa mpwa wake Kisarawe moja kwa moja. Mama ajenge ukuta wake nyuma ya minyaa, uishie kabla ya mita 60. Akifyeka kwa mashine, amjulishe mzee siku moja kabla. Kuhusu mbuzi, mzee alijitolea kununua wengine wawili, mama akakataa. Akasema hataki mbuzi, anataka alipwe. Wakakubaliana bei ya mbuzi mmoja taslimu, na wa pili kwa asali ya msimu.

Lile la asali lilikuwa wazo la mama mtu mzima wa baraza. Nilidhani mama wa vitenge angeona ametukanwa. Alifikiri kidogo, akauliza ni ya mkorosho au ya mwembe.

Kuhamisha kulileta kitendawili ambacho wengi hawakukijua. Nyuki wakihamishwa mita mia, kesho yake watafutaji wote hurudi pale pa zamani, kwa sababu ramani iko kichwani mwao, na utakuta fungu limening'inia kwenye tawi tupu, njiani, bila nyumba na lenye hasira. Wahamishe mbali, wapotee, wajifunze upya, ndipo uwarudishe. Kwa hiyo hata ile minane ya kubaki ilibidi iende Kisarawe kwanza, wiki tatu. Walihama usiku mara mbili, kwa kirikuu, milango imezibwa kwa wavu ili wapumue, magunia mabichi juu. Mzee alikaa nyuma na mizinga. Dereva alifunga vioo vyote na kuendesha kama amebeba mayai. Mama alitoka nje na taa ya simu kumulika getini, hakuna aliyemwomba.

Nisichokubali

Nilitia sahihi kama mwandishi, na mengi ya makubaliano yale nayaunga mkono. Moja silikubali. Kijana kibarua hayumo. Alilazwa usiku mmoja, alikosa kazi siku tisa, na mashine haikuwa yake, aliikodi, ikaangukia mfereji. Mzee alisema aliyemleta ndiye amlipe. Mama alisema waliomdunga si nyuki wake. Baraza likasema mambo ya ajira si mambo ya ardhi, na kwa kifungu labda ni kweli. Nilipoinua mkono nikaambiwa mwandishi aandike.

Nilimkuta baadaye akiwa kwenye kibanda cha chipsi, mkono bado una makovu madogo. Nikamuuliza kwa nini hakuja kikaoni. Akasema hakuitwa. Kisha akasema, na hakuwa anatania, kwamba kama angeitwa angewaambia jambo moja: asubuhi ile kabla ya kuwasha mashine alimwambia mama kuwa mizinga iko karibu sana, na juzi yake alimwambia mzee kuwa kutakuwa na kufyeka. Wote wawili walimjibu, "Fanya tu."

Hilo halimo kwenye kumbukumbu zangu. Nikiwa na umri huu nilipaswa kumtafuta kabla ya kikao cha kwanza badala ya kukaa nikisubiri kuambiwa niandike nini.

Minyaa imeshika. Upande wa mzee imepita kiuno, upande wa mama imechelewa kidogo kwa sababu mbuzi walizivunja ncha mara mbili. Keremkerem wamebaki kwenye waya. Njia ina alama za miguu tena, na ndoo za asubuhi zinapita hapo. Mwezi uliopita bodaboda nao wamegundua kwamba ni mkato wa kufika nyuma ya shule, na mita tatu zinatosha pikipiki mbili kupishana. Jana mzee na mama walikuja kwangu pamoja, wamefuatana, kuuliza kama ile karatasi ya makubaliano inasema chochote kuhusu pikipiki.

Niliisoma yote. Haisemi.